Jina la Mwalimu Gwakisa kwenye Seva

Vijana wa kitengo mmenitaka niache maandishi kabla sijasahau. Habari za vyeo nitaziruka, maana nilipata viwili tu, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaeleza jinsi hifadhi ya matoleo ilivyofika hapa tawini kwetu Kyela, nani alinifundisha kuitunza, na jambo moja nililolifanya ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu. Nimesoma hadi kidato cha nne, na cheti chenyewe hakikuwa cha kukitundika ukutani, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa.

Nilianzia masjala. Siku ya kwanza, mama aliyekuwa mkuu wa masjala alinipa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Ya bluu ni ya kuandikia. Nyekundu ni ya kuweka namba ya folio kwenye kila karatasi inayoingia kwenye jalada, na ya kukatia. Alinisimamia mpaka nikaelewa jambo moja.

"Ukikosea, usifute," aliniambia. "Kata kwa mstari mmoja. Neno la zamani lisomeke chini yake, kisha weka saini yako."

Siku ya pili nilikwangua tarehe kwa wembe. Alinirudisha nyumbani saa nne asubuhi, nikashinda nalima mpunga wa mama yangu Busale. Sikukwangua tena. Angalau kwenye karatasi.

Miaka ikapita, wanafunzi wakaongezeka, somo la kompyuta likaanza. Ndipo akaja Mwalimu Gwakisa, kijana wa Matema, mwembamba, anayeongea polepole kama mtu anayehesabu mbegu. Alishuka kwenye gari la chuo amebeba kitu kilichofungwa blanketi. Nilidhani ni mtoto.

"Ugonile, Baba Lugano," alinisalimu. "Nimekuletea masjala nyingine."

Ilikuwa seva. Akaniambia kwamba kila mtu hapa tawini, anayeandika ripoti, kanuni au msimbo wa programu, ataweka kazi yake humo kila anapoibadilisha. Mashine itatunza ya zamani na mpya, nani kabadilisha, lini, na kwa nini.

"Kumbe ni jalada," nikasema.

"Ni jalada lisiloliwa na mchwa."

"Hujawaona mchwa wa huku, Mwalimu."

Alimwomba mkuu wa tawi nipewe mimi kuitunza. Mkuu alishangaa, maana walikuwepo vijana wenye stashahada. Nilikuwa nje ya mlango na barua za kusainiwa, nikasikia jibu lake: "Kompyuta nitamfundisha. Kutunza kitu, sijui mtu anafundishwaje."

Alinifundisha kwa miezi sita, kila siku baada ya chai ya saa nne. Amri zote niliziandika kwenye daftari la kaunta, ukurasa mmoja amri moja, na chini yake maana kwa Kiswahili changu. Daftari hilo nimewaachia. Msicheke mwandiko.

Mvua za mwezi wa nne zilipotuletea maji hadi kwenye vifundo vya miguu, tuliipandisha seva juu ya makreti ya bia tuliyoazima, mimi nikiwa mzee wa kanisa. Mchungaji alipita, akayaona, akaniona, akaendelea na safari yake.

Niwaambie pia habari ya benchi, kwa sababu nasikia mnataka kuliondoa. Watu wawili wakibadilisha mstari uleule, mashine hukataa kuchagua. Walimu wengi walikuwa wakichagua cha kwao na kufuta cha wenzao. Mwalimu Gwakisa akaweka utaratibu: wote wawili waje masjala, wakae kwenye benchi langu, kila mmoja asome kwa sauti mstari wa mwenzake, siyo wa kwake. Ndipo waamue. Niliwahi kuwaona wahadhiri wawili wenye shahada za uzamili wakisomeana kanuni ya likizo ya uzazi kama watoto wa darasa la tatu. Walielewana kabla hawajamaliza. Benchi liacheni.

Na kila unapoweka kazi, mashine inadai maelezo. Mwalimu mmoja alikuwa akiandika "nimerekebisha" na basi. Gwakisa alimpigia simu kila mara: "Umerekebisha nini, ndugu yangu, na kwa nini?" Mwisho yule bwana alianza kuandika maelezo marefu kuliko kazi yenyewe.

Mambo mawili aliyonifundisha yashikeni, kwa sababu hadithi yangu inayategemea.

La kwanza, kila anayechukua kazi kutoka kwenye hifadhi huchukua na historia yake yote. Alinieleza hivi: "Ukienda msibani, kila shangazi anaijua habari ya ukoo toka mwanzo. Akifa mmoja, habari inabaki kwa wengine."

La pili ni muhuri. Kila toleo likiwekwa, mashine hulipa mfuatano mrefu wa herufi na namba unaotokana na yaliyomo pamoja na yote yaliyotangulia. Badili neno moja, jina au tarehe, na muhuri unakuwa mwingine. Kwa heshima yangu, Gwakisa alikuwa akiniletea kila mwezi karatasi ya maendeleo ya kila mwanafunzi anayemsimamia, na chini yake ameandika kwa mkono muhuri wa toleo la mwisho. "Weka kwenye jalada lako, Baba Lugano," angesema, "usije ukasema nimekuacha bila kazi." Nami niliipa folio kwa wino mwekundu.

Kisha aliugua. Hakuugua muda mrefu. Tulimzika Matema, milima ikiwa nyuma yetu na ziwa limetulia. Sikulia pale. Nililia wiki iliyofuata, nikiwa peke yangu chini ya meza natafuta waya.

Sasa nafika pagumu.

Ukurasa wa mbele wa hifadhi huorodhesha watu kwa wingi wa kazi walizoweka. Jina lake lilikuwa juu kabisa. Kila asubuhi nikiwasha mashine, la kwanza kuliona lilikuwa hilo. Wiki mbili baada ya mazishi akaja mhadhiri mpya kushika masomo yake. Kwa desturi ya masjala, afisa akifariki, majalada yaliyo mikononi mwake hukatwa jina lake na kuandikwa la anayempokea. Nikajiambia nami nafanya hivyo. Hakuna aliyeniagiza. Jumamosi nilikuja ofisini, nikatafuta amri mtandaoni, amri ambayo haikuwamo kwenye daftari langu, nikaiandika. Kila palipokuwa na Gwakisa pakawa na mhadhiri mpya.

Nilidhani mashine inakata kwa mstari mmoja na jina la zamani linasomeka chini. Haikati. Inaandika upya toka mwanzo. Tena iliandika upya na tarehe, kazi zote za miaka yote zikawa za Jumamosi ile. Tarehe sikuziangalia. Nilikuwa naangalia jina tu, kwamba halipo.

Jumatatu wanafunzi hawakuweza kuweka kazi, kwa sababu nakala zao hazikulingana tena na seva. Nilibandika tangazo: futeni nakala za zamani, chukueni mpya. Walitii wote. Nilikuwa na diski mbili za akiba, nazibadilisha kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza ikaandikwa moja, ya pili ikaandikwa nyingine. Hivyo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa utaratibu mzuri kabisa, historia ya zamani ikaisha.

Siku chache baada ya Ijumaa ile ya pili, ikaja barua kutoka kampasi kuu. Mwanafunzi mmoja wa huko, aliyewahi kuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, alikuwa amewasilisha programu ya kupima na kuandikisha kakao ya wakulima wa Bujonde. Programu hiyohiyo ilikuwa ya Atupele, binti wa mwaka wa mwisho hapa kwetu, aliyesimamiwa na Gwakisa. Mmoja kaiba kwa mwenzake. Kamati ya nidhamu ikafungua hifadhi. Kazi zote za Atupele zilionekana zimewekwa Jumamosi moja, wiki kadhaa baada ya yule kijana kuwasilisha. Msimamizi wake yuko kaburini. Kamati ingekaa Alhamisi inayofuata, na adhabu ya kosa hilo ni kufukuzwa chuo.

Atupele alikuja masjala, akakaa kwenye benchi, akaniita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata, mimi nilianza kabla ya mvua," alisema. "Wewe mwenyewe ulinifungulia akaunti. Hizi tarehe zimetoka wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, na jinsi ambavyo hakuna aliyenituma.

"Hata nakala yangu ya zamani nilifuta," alisema. "Tangazo lako. Nilikuwa wa kwanza."

"Najua. Nilikuona, nikakusifu."

Akawa anafuta vumbi kwenye benchi kwa kidole. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kwa hiyo nafukuzwa mimi kwa sababu ulikuwa na huzuni wewe."

"Ndiyo," nikasema. "Nisipopata nakala."

Nilikwenda kwa mkuu wa tawi saa hiyohiyo. Wakati huo mkuu wetu alikuwa mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alisikiliza, akavua miwani.

"Umeyaandika haya?"

"Nitaandika leo, mama."

"Andika. Lakini maandishi yako yatasema umeharibu. Hayatasema kilichokuwemo kabla hujaharibu. Kamati itataka hicho."

Nilimletea jalada la Atupele. Karatasi za Gwakisa zilikuwamo, kila mwezi na folio yake, kila moja na muhuri kwa mwandiko wake ulioinama. Tuliutazama. Tulikuwa na alama ya kidole bila kidole.

Nikiwa bado nimesimama pale nikakumbuka shangazi wa msibani. Kila anayechukua, anachukua yote. Wanafunzi wote walitii tangazo langu. Mtu mmoja tu hakuweza kulitii, kwa sababu alikuwa ameshafariki. Laptopu ya Gwakisa.

Kesho yake asubuhi nilichukua bodaboda hadi Matema. Mama Tusekile, mjane wake, alikuwa anaanua dagaa. Aliniwekea kiti, akaniletea maji, nikayashika bila kunywa. Nikamweleza.

"Ulifuta jina lake?" aliuliza.

"Nililibadilisha. Ni kulekule."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa juu kabisa, mama. Kila asubuhi."

Aliangalia mlangoni. Viatu vya Gwakisa, vile vyeusi vya kazini, vilikuwa pembeni ya kizingiti, vimepigwa rangi.

"Mimi naviruka kila nikifagia," alisema. "Nafagia huku na huku, vyenyewe sivigusi. Kila mtu na lake, Baba Lugano. Laptopu haipo hapa. Nimempa Salumu wa mjini aiuze."

Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu aliinuka haraka akaingia ndani. Akarudi na kikaratasi. "Neno lake la siri hili. Alikuwa anawafundisha watu wasiliandike popote, yeye kaliandika nyuma ya kalenda ya kanisa."

Salumu mnamjua wengi. Duka lake liko nyuma ya soko, anauza simu, redio na kompyuta zilizotumika. Babu yake alitoka pwani, na yeye kazaliwa hapahapa na Kinyakyusa anakiongea kunishinda. Nilimkuta na bisibisi mdomoni.

"Karani," alisema. "Leo umekuja kununua au kunikumbusha risiti?"

"Salumu, kompyuta zinazoletwa kuuzwa, unazifanyaje?"

"Nafuta. Siku ileile. Mteja hataki kununua mashine akutane na picha za harusi ya mtu."

Nikakaa kwenye boksi la spika.

"Na ile ya Mwalimu Gwakisa?"

Alitoa bisibisi mdomoni. Akapanda kwenye stuli, akashusha kutoka rafu ya juu kitu kilichofungwa kanga. "Hii bado. Arobaini yake imebaki siku nne."

Nilimwangalia. "Marehemu alikuwa Mmoraviani, Salumu."

"Najua. Lakini duka ni langu mimi." Akaiweka mezani taratibu. "Mtu aliyekuwa ananunua nyaya kwangu tu, siwezi kumfuta kabla ya arobaini. Hata waya mmoja hakuwahi kunirudishia, na nilishamuuzia mbovu mbili."

Nimefanya kazi na Gwakisa miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Mimi nilingoja wiki mbili. Muuza nyaya alikuwa anangoja siku arobaini. Sikumwambia Salumu hivyo, lakini nawaambia ninyi.

Tuliiwasha kwenye ofisi ya mkuu. Alikuwepo mkuu, mhadhiri mpya, mimi na Atupele, aliyesimama karibu na mlango kama mtu anayejiandaa kuondoka. Niliandika amri kutoka kwenye daftari langu, ukurasa wa nne: onyesha historia. Majina yakashuka kwenye kioo, yake na ya wanafunzi wake, kila moja na tarehe yake halisi.

Toleo la kwanza la Atupele lilikuwa la kabla ya mvua. Maelezo yake: "Naanza. Mzani wa Bujonde unapima, lakini haukumbuki." La mwisho kabisa lilikuwa la Gwakisa, siku mbili kabla ya kulazwa: "Nimesoma kazi ya Atupele hadi mwisho. Kulikuwa na kosa kwenye jumla. Kalirekebisha kabla sijamwambia, nami naandika ili ijulikane."

Mhadhiri mpya alichukua jalada, akalinganisha muhuri wa kila karatasi na ule wa kwenye mashine, herufi kwa herufi, akisoma kwa sauti. Nami nikamjibu kwa kusoma ule wa kwenye kioo. Ilikuwa kama benchi. Yote yalilingana. Hakuna mtu angeweza kuutengeneza muhuri huo jana, kwa sababu karatasi zilikuwa kwenye jalada toka miezi iliyopita, na folio zangu nyekundu zilifuatana bila kuruka.

Mkuu alivaa miwani. "Atupele," alisema, "toka hapo mlangoni, kaa."

Alhamisi kamati ilikaa kwa muda mfupi. Atupele alibaki chuoni, kesi ikahamia kwa yule mwingine. Nilisoma maelezo yangu mbele yao. Walinipa barua ya onyo kali, nami nikaipeleka mwenyewe masjala, nikaiweka kwenye jalada langu na kuipa folio. Nimestaafu nayo. Nilipotoka, Atupele alikuwa ananingoja kwenye veranda.

"Ndaga fijo, Tata," alisema.

"Usinishukuru mimi."

"Nakushukuru kwa kusema. Kwa kufuta, sijakusamehe bado. Nipe mpaka mahafali."

Siku ya mahafali alikuja na joho lake akanipa mkono, akasema, "Basi." Nililala vizuri siku hiyo.

Historia ya zamani niliirudisha kwenye seva, nikisaidiwa na mhadhiri mpya, ambaye alifurahi kuona kazi asizozifanya zinatoka kwenye jina lake. Mashine ikadai maelezo, kama kawaida. Niliandika: "Nimeweka taarifa ya kurudishwa kwa jina la Mwalimu Gwakisa na tarehe zote. Niliyaondoa mimi, bila kuagizwa, kwa sababu sikuweza kulitazama." Mkiwa na wasiwasi kuhusu amri msiyoijua, kaisomeni kwanza taarifa hiyo. Ipo palepale, na jina lake liko juu kabisa.

Limebaki la laptopu. Nilimpigia simu Mama Tusekile nikamwambia kazi zote sasa ziko kwenye seva na kwenye diski zote mbili za akiba, na picha za nyumbani nimemwekea mwanawe Tusekile kwenye flashi.

"Zimo zote?" aliuliza.

"Zote. Nimezipitia moja moja."

"Basi Salumu aifute. Na viatu nitavitoa."

Siku ya arobaini nilikwenda dukani. Salumu alikuwa ameitandikia kanga ileile, na chai ya tangawizi iko tayari. Alitayarisha kila kitu mpaka likabaki swali moja kwenye kioo, kama nina hakika. Akaisogeza mbele yangu.

"Bonyeza wewe," alisema. "Mimi nilikuwa nakutunzia tu."

Nikabonyeza. Tulikaa tukiangalia mstari ukijaa taratibu, na nikanywa chai yangu yote ikiwa bado ya moto.